Saa Kumi Hadi Saa Moja

Boom halijaingia. Wiki ya tano sasa
tunafungua simu kama mtu anayefunua sufuria
akijua fika hakupika.
Chumba Kitangiri, mgongo umeegemea jabali,
godoro moja, watu wawili, mimi na Tabu Magesa wa Ukerewe,
na mwenye nyumba anayepita kukohoa mlangoni
tarehe moja,
tarehe mbili,
tarehe tatu.

Binamu yake Tabu ana kibanda cha miamala Buzuruga:
kiti, kivuli, feni ndogo ya betri,
saa mbili asubuhi mpaka saa mbili usiku.
Nikamuuliza, na vipindi?
Akasema, kwani hakuna wa kukudurufia noti?

Kazi nyingine ilikuwa na kiyoyozi.
Steshenari ya Bwana Lutego, mkabala na geti la chuo.
Alisukuma mlango kwa kisigino, akashusha sauti:
"Nasikia unaandika vizuri. Kuna watu wana hela, hawana muda.
Utafiti mmoja, laki na nusu.
Jina lako halitokei popote."
Hilo la mwisho alilisema kama ananipa zawadi.

Laki na nusu! Nililala nayo siku mbili.
Nikailipia kodi, nikainunulia viatu,
nikamtumia mama kule Magu mfuko wa mbolea.
Siku ya tatu, nikiwa naosha vyombo, nikajikuta
nimekwisha kuandika kichwani
sura ya kwanza ya mtu nisiyemjua,
na ilikuwa nzuri kuliko yangu.
Hapo ndipo nilipoogopa.

Iliyobaki inanuka.

Mwaloni, Kirumba, saa kumi alfajiri.
Viroba vya dagaa vinashuka kutoka visiwani
migongoni mwa vijana wasiosalimia,
vinapita mizani, vinapanda fuso za Kongo.
Kazi yangu daftari na kalamu.
Elfu saba, chai, vitumbua viwili.
Saa moja nimemaliza, saa mbili kipindi.

Mwenye mzigo, Mama Nyanjige, hakusoma.
Kila kiroba kikipita
anatumbukiza kichwa cha dagaa katika kopo la maziwa.
Nilicheka kimoyomoyo,
mimi, mwaka wa pili wa uhasibu.

Ijumaa daftari likasema mia na kumi na mbili.
Kopo likasema mia na kumi na tatu.
Tukamwaga vichwa juu ya turubai,
tukavipanga kumikumi chini ya tochi,
jua likachomoza bado tunabishana,
hadi Shija mpagazi alipopiga kelele:
kiroba kile pale, kimekaliwa
na dereva anayekunywa uji.

Hakunifukuza. Alikata elfu saba yangu, akasema,
"Wewe unahesabu namba. Hesabu viroba."
Kisha akanipa simu yake nimsomee
meseji ya watu wa mkopo,
nayo haikuwa nzuri.
Niliisoma mara mbili, polepole, kama alivyotaka.

Najisugua kwa ndimu, kwa sabuni ya kipande, kwa majani ya mpera.
Harufu inaingia darasani kabla yangu.
Anyisile amehamishia begi lake safu ya mbele;
nami nimepata dirisha, na upepo wa ziwa,
na kiti cha ziada cha kuwekea miguu.
Mwalimu anauliza tofauti ya kitabu na mali iliyopo ghalani.
Nanyoosha mkono.
Gamba moja linang'aa kwenye kidole cha shahada,
na ninajua jibu, jamani,
ninalijua kwa elfu saba taslimu.

Jana Bwana Lutego kaandika: "Nafasi bado ipo."
Sijamjibu. Sijaifuta pia;
kodi ni kodi, na yule mtu anakohoa.

Tabu ameitoa kanga yangu nje, kaianika juu ya jabali,
anasema paka watatu wameizunguka.
Nimetegesha kengele.
Saa tisa na nusu.